Vidonge Vingapi kwa Gunia?

Kila mwaka, mahindi mapya yanapoanza kushuka kutoka Songea, Mbozi na Sumbawanga, swali linarudi vile vile lilivyoondoka. Huulizwa dukani kwa muuza pembejeo, huulizwa redioni katika vipindi vya wakulima, huulizwa bwana shamba akiwa juu ya pikipiki na haraka zake, na siku hizi huulizwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako kila mjomba ana jibu lake: gunia la kilo 100 linawekwa vidonge vingapi? Hakuna anayeuliza kama vidonge vyenyewe vinastahili kuingia ndani ya nyumba. Hilo lilishaamuliwa zamani. Kinachotakiwa ni idadi.

Idadi ni sifuri.

Mazungumzo ya dukani yanajulikana. "Mwanangu, nina gunia kumi, nipe vya kutosha," anasema mama mmoja, huku akifungua pindo la kitenge alimofunga punje chache zilizotobolewa, ushahidi wa yanayomsibu. Kijana wa dukani hazitazami hata hizo punje. "Viwili viwili mama, ishirini. Kama magunia yana matundu, weka vitatu." Hapo ndipo mtu yeyote aliyesomea hifadhi ya nafaka hutamani kushika kichwa. Gunia lenye matundu linavuja gesi. Kuongeza kidonge ni kuongeza gesi ya kuvuja, na inakovujia ni kwa watoto, maana stoo nyingi za mjini ni kile chumba kidogo kilichobanwa kati ya jiko na chumba cha kulala.

Wanaopenda idadi wapewe idadi. Kidonge kimoja cha aluminiamu fosfaidi kina uzito wa gramu 3. Kikipata unyevu, na ule wa hewani unatosha, hutoa gramu 1 ya gesi iitwayo fosfini. Stoo ya mita 3 kwa 3, yenye dari la mita 2.5, ina mita za ujazo 22.5. Gesi ya kidonge kimoja tu ikitawanyika humo inafikia takriban sehemu 32 katika kila sehemu milioni za hewa. Nchini Marekani, mfanyakazi haruhusiwi kuvuta wastani unaozidi 0.3 kwa zamu ya saa nane, na kiwango cha 50 kinahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Yule mama ana vidonge 20. Hata ikivuja robo tu ya gesi yake, stoo imefika 160.

Wala gesi haikai stooni. Fosfini ni nzito kidogo kuliko hewa, hupita chini ya mlango, kwenye tundu la waya wa umeme, na juu ya dari pale ambapo kuta za vyumba hazikujengwa hadi kwenye mabati. Kufunga mlango kwa ufunguo kunamzuia mwizi, basi.

Watetezi wa kidonge hawakosi hoja. Ya kwanza ni harufu: gesi inanuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza, kwa hiyo ikitoka itajulikana. Fosfini safi haina harufu hata kidogo. Kinachonuka ni takataka za kikemikali zinazoandamana nayo, na hizo zinaweza kupotea huku gesi ipo. Isitoshe, vidonge huwekwa jioni, gesi hutoka kwa siku mbili tatu, na pua ya mtoto aliyelala haimwamshi mtu. Hoja ya pili ni kitambaa: kidonge kinafungwa kwenye kitambaa au karatasi kisha kinasukumwa katikati ya gunia, kwa hiyo "hakigusi chakula". Kitambaa kinazuia majivu ya kidonge yasichanganyike na punje, nalo si jambo baya, lakini gesi inapita humo kama haikuona kitu. Hoja ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote na haina jibu la kistaarabu: mbona mwaka jana tuliweka na hatukufa?

Januari 2017, huko Amarillo, Texas, watoto wanne wa familia moja walikufa kwa gesi hii. Sumu ilikuwa imewekwa chini ya nyumba, haikuwa hata ndani. Baba yao alipomwaga maji kuisafisha, maji yale yakaamsha gesi yote kwa mkupuo. Katika miji ya Ghuba, ambako Waswahili wengi wana ndugu, imeshatokea mtoto akafa kwa vidonge vilivyowekwa na jirani wa nyumba ya pili ili kuua kunguni, gesi ikapita ukutani. Na fosfini haina dawa ya kuiondoa mwilini. Daktari anachoweza ni kuusaidia moyo na mapafu yapambane. Mbaya zaidi, inaanza kwa kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma na kifua kubana, dalili ambazo nyumbani hupewa jina la malaria au la chakula kilicholala. Familia isiyotaja vidonge inapofika hospitali inampotezea daktari saa ambazo hana.

Sasa tuseme hatari haipo. Kidonge bado hakifanyi kazi inayodhaniwa.

Fukusi wa mahindi hutoboa punje, hutaga yai ndani yake, kisha huziba tundu. Kazi hiyo mara nyingi huanza shambani, kabla gunia halijashonwa. Yai likianguliwa, buu hula punje kwa ndani, hugeuka bundo, na baada ya kama wiki tano hutoka akiwa mdudu kamili. Gesi huwaua upesi wadudu wakubwa wanaotembea. Mayai na mabundo ni wagumu zaidi. Kuwamaliza kunataka gesi nzito ishikiliwe mahali pamoja kwa siku tano hadi saba au zaidi, bila kuvuja. Gunia la sandarusi limefumwa, lina nafasi kila uzi unapopishana na mwenzake, haliwezi kushikilia gesi hata kwa siku moja. Kwa hiyo mwenye nyumba anaingia stoo kesho kutwa, anaona mizoga ya fukusi sakafuni, anafurahi. Wiki ya tano au ya sita kizazi kilichobaki ndani ya punje kinatoka. Anarudi dukani, ananunua vingine. Muuza duka hana sababu ya kumsahihisha.

Hata kama wangekufa wote, fosfini haiachi kinga yoyote nyuma yake. Ikishatoka imetoka. Fukusi wa jirani, au wa lile gunia la msimu uliopita lililosahaulika pembeni, anaingia siku hiyo hiyo. Kuna pia ubaya wa muda mrefu: wadudu wanaoonjeshwa gesi kidogo kidogo ndio wanaojenga usugu, na usugu dhidi ya fosfini umeshathibitishwa katika nchi nyingi duniani. Gesi inayotegemewa na maghala makubwa ya taifa inachezewa na vijigunia vya stoo.

Ufukizaji halisi ni kitu kingine kabisa. Rundo la magunia hufunikwa kwa turubai lisilopitisha gesi, pindo zake hukandamizwa chini kwa mifuko ya mchanga, gesi hupimwa kwa vifaa, watu hawalali hapo, na turubai halifunuliwi mpaka siku zitimie. Ni kazi ya mafundi wenye kibali. Tanzania inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Kenya na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu. Anayesema naye "amefukiza" kwa sababu alichomeka kidonge kwenye gunia na kufunga dirisha amejidanganya.

Lakini mtu akitazama stoo yenyewe, anaelewa kwa nini kidonge kina mvuto. Mlango hufunguka nusu kwa sababu nyuma yake kuna baiskeli. Magunia yameegemezwa ukutani, yamekaa juu ya saruji tupu, la chini kabisa limepoa na kulegea kwa unyevu. Juu yake pana ndoo ya rangi iliyobaki, dumu la mafuta ya taa, mfuko wa mbolea uliopasuka pembeni. Kwenye kona kuna magunia tupu ya mwaka jana, yamekunjwa vizuri, na ndani ya mikunjo wadudu wanasubiri. Kupanga stoo hii upya ni kazi ya Jumamosi nzima. Kidonge ni kazi ya dakika mbili. Ndiyo siri yote ya biashara ile.

Na unyevu unaotoka kwenye saruji na ukutani, pamoja na mabati yanayotoka jasho alfajiri, unaleta adui asiyeguswa na kidonge wala na kitu kingine. Mahindi yenye unyevu hushika ukungu, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui yakiwemo, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliripotiwa wagonjwa 68, wakafa 20. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, wala ugali wake hauna ladha ya kumwonya mlaji. Kiwango cha juu cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, na hakuna mtu anayepima hicho kwa kung'ata punje, hata awe babu wa mababu.

Mwarobaini, pilipili kavu, majivu? Majani machache ya mwarobaini juu ya gunia ni mapambo. Pilipili inampigisha chafya mpishi. Majivu yana kazi kweli, hasa kwa maharage, lakini kwa kiasi kikubwa kilichochanganywa sawasawa hadi kila punje iguswe, si kwa kunyunyiza kiganja kimoja, na mbele ya dumuzi hayafui dafu. Dumuzi ni habari nyingine: aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kati, mwaka 1983 alikuwa ameshaonekana Taveta, na hutoboa hata mbao na plastiki. Gunia aliloanza nalo hugeuka unga kabla mwenyewe hajajua.

Yanayofaa, kwa haraka. Stoo itolewe kila kitu, ifagiwe hadi kwenye nyufa, takataka zake zichomwe, nyufa zizibwe kwa saruji. Magunia ya zamani yachemshwe yakauke juani au yatupwe. Chaga za mbao ziwekwe chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, zikikaguliwa kwanza kama hazina matundu ya dumuzi. Gunia lisiguse ukuta, ibaki nafasi ya mtu kupita na ufagio. Wavu wa chuma dirishani, bati chini ya mlango. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6. Mafuta ya taa, rangi, mbolea na saruji vipate pahali pengine, hata kama ni uvunguni mwa ngazi. Mahindi mapya yasichanganywe na ya zamani, na ya zamani yaliwe kwanza.

Kabla ya kufunga, kipimo cha chumvi: chupa kavu ya glasi yenye kifuniko, mahindi hadi theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, itikiswe dakika moja, iachwe dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye glasi, unyevu umezidi asilimia 15, mahindi yarudi kwenye turubai juani. Isipoganda, bado siku moja ya jua haidhuru, kwa kuwa 15 si 13.5. Mwenye nafasi amwombe afisa ugani kipima unyevu.

Kisha mifuko isiyopitisha hewa. Ile ya PICS ilianzia Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 katika kazi ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, kwa ajili ya kunde. Ina mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida. Wadudu humaliza oksijeni iliyomo, huacha kula, hukauka na kufa. Hewa ibanwe itoke, kila mfuko ufungwe peke yake kwa kukunja shingo na kukaza kamba, usifunguliwe kwa mwezi angalau. Mahindi mabichi yasiingizwe humo kamwe. Familia ndogo inaweza kutumia madumu ya lita 20 yaliyooshwa na kukauka, yakajazwa maharage hadi shingoni na kufungwa kwa nguvu. Anayetaka dawa ya unga achague ile iliyosajiliwa kwa nafaka ya chakula yenye viambato viwili, pirimifosi-methili kwa fukusi na permethrini kwa dumuzi, achanganye juu ya turubai kwa koleo, amevaa glovu na barakoa, kwa kipimo cha kwenye lebo.

Na aliyekwisha kuweka vidonge usiku wa jana? Watu wote watoke, milango na madirisha yafunguliwe, maji yasimwagwe, asiingie mtu kuchokonoa magunia, aitwe afisa kilimo au mfukizaji mwenye kibali. Aliyeanza kutapika apelekwe hospitali pamoja na lebo ya kopo. Kopo lenye vidonge vilivyobaki lisitupwe chooni wala shimoni kwenye maji. Lifungwe kwa nguvu, likae nje pakavu chini ya kufuli, mbali na watoto, mpaka likabidhiwe kwa mtu anayejua pa kulipeleka.