Riwaya ya Kwanza kwa Mtu Mzima

Watu wazima wengi waliachana na riwaya siku walipokusanya karatasi ya mtihani wa fasihi. Vitabu walivyovijua vilikuwa vya kuchambuliwa: dhamira, wahusika, mandhari, tamathali za usemi. Ukitaka kumrudisha mtu kama huyo kwenye kusoma, kwanza muulize anapenda kutazama au kusikiliza visa gani. Sifa za kitabu zije baadaye.

Mpenzi wa filamu za upelelezi mpe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake atamshika mkono, na hamu ya kumjua muuaji itamfungulisha kurasa hata akiwa amechoka. Anayetaka mbio na risasi atafurahi zaidi na Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kikosi cha Kisasi. Wapo wanaozidharau riwaya hizi. Mimi naziheshimu, maana zimewafanya watu wengi wawe wasomaji.

Unene wa kitabu unadanganya. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni kijitabu chembamba, lakini kisa chake kimefumbwa kiasi kwamba hata wahakiki hawajamaliza kubishana juu yake; kumpa anayeanza ni kumfukuza. Wala jina la mwandishi halitoshi kukuongoza, kwa sababu Kezilahabi huyohuyo aliandika Rosa Mistika (1971), kisa cha binti wa Ukerewe na baba yake mkali, kinachosomeka bila kukwama.

Kama ningeruhusiwa kitabu kimoja tu, ningechagua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Ni kinene, ndiyo. Lakini Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mzee Raza, anatoroka ndoa mapema, na tangu hapo unataka kujua atalala wapi, nani atampokea, na mapenzi yake na Denge, anayewindwa na polisi wa mkoloni, yatafika wapi. Msomaji wa Tabora au Kisumu atakutana na maneno ya Unguja asiyoyajua. Mwambie ayaruke; kisa kitamfafanulia mengi.

Kitabu kikimchosha, mruhusu akiache, umtafutie kingine. Na akikimaliza, tafadhali usimuulize amejifunza nini. Muulize ni mhusika gani aliyemkera, kisha umwache aseme.