Soya na Kinga ya Ngozi Dhidi ya Jua: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua

Katika maduka ya vipodozi zipo krimu na losheni zinazonadiwa kuwa zina kiini cha soya chenye uwezo wa kuikinga ngozi na madhara ya jua. Mnunuzi ana haki ya kujua ni sehemu gani ya madai hayo ina msingi wa kisayansi na ni sehemu gani imepita kiasi. Katika sura hii tunaeleza yote mawili.

Jua linavyoidhuru ngozi

Baadhi ya mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho huitwa mionzi ya urujuanimno. Inayotufikia ni ya makundi mawili. Kundi la UVB, lenye urefu wa wimbi wa nanomita 280 hadi 315, huiunguza ngozi na kuharibu vinasaba vya seli moja kwa moja. Kundi la UVA, la nanomita 315 hadi 400, hupenya ndani zaidi, hupita hata kwenye kioo cha dirisha, na huzalisha chembe haribifu zinazochakaza nyuzi zinazoipa ngozi unyumbufu wake. Kundi la tatu, UVC, huzuiwa na angahewa kabla ya kufika ardhini. Madhara haya hujikusanya mwaka hadi mwaka, na mwisho wake waweza kuwa saratani ya ngozi.

Soya ina nini?

Punje ya soya ina viambata viitwavyo isoflavoni, na vilivyo maarufu zaidi ni genisteini na daidzeini. Watafiti walipopaka viambata hivi kwenye ngozi ya nguruwe na ya panya wasio na manyoya, kisha wakaimulika kwa mionzi ya urujuanimno, waliona kwamba uharibifu ulipungua. Sababu ni kwamba isoflavoni hupunguza chembe haribifu na hutuliza baadhi ya mawasiliano ya seli yanayoleta uvimbe na wekundu. Kwa hiyo dai kwamba soya ina faida kwa ngozi halikuzuka hewani. Hata hivyo, ushahidi mwingi umetoka kwa wanyama na maabara, na ule wa binadamu ungali mchache.

Kwa nini haitoshi peke yake

Genisteini hufyonza zaidi mionzi ya karibu nanomita 260. Hiyo ni mionzi ya kundi la UVC, ambayo haitufikii kabisa. Mionzi inayotuunguza huiacha ipite kwa kiasi kikubwa. Losheni ya kukinga jua ni mfano wa paa linalozuia mvua isiingie ndani. Isoflavoni ni mfano wa mtu anayekausha sakafu baada ya paa kuvuja. Mkaushaji ana manufaa, lakini hakuna anayejenga nyumba bila paa kwa kumtegemea yeye.

Kusoma lebo

Kwanza, tafuta namba ya SPF. Losheni ya SPF 30, ikipakwa kwa kiasi kinachotakiwa, huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB. Krimu ya soya isiyo na namba hiyo isichukuliwe kuwa kinga ya jua. Hakikisha pia kwamba lebo inataja kinga dhidi ya UVA.

Pili, jina la kitaalamu Glycine soja humaanisha soya, lakini likifuatiwa na neno Oil, kilichomo ni mafuta. Mafuta ya soya yaliyosafishwa hulainisha ngozi, ila karibu hayana isoflavoni, kwa kuwa hizo hubaki kwenye mashudu.

Tatu, baadhi ya bidhaa za soya huuzwa kwa ajili ya kung'arisha ngozi. Tahadhari na bidhaa yoyote isiyoorodhesha viambato vyake, kwani huenda imefichwa zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi.

Kula soya je?

Uji wa soya, maziwa ya soya na maharage yake ni chakula bora chenye protini nyingi. Mwilini, bakteria wa utumbo wanaweza kuigeuza daidzeini kuwa kiambata kingine kiitwacho ekwoli, lakini si kila mtu ana bakteria hao. Basi kuleni soya kwa lishe, msiile mkidhani kwamba imewavisha kofia.

Ushauri wetu

Paka losheni yenye SPF 30 au zaidi kabla ya kutoka nje. Kijiko kimoja cha chai chatosha uso na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili, na pia baada ya kuogelea au kutoka jasho jingi. Vaa kofia pana na mikono mirefu, na tafuta kivuli wakati wa adhuhuri. Ukipenda krimu ya soya, itumie pamoja na hayo. Ijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, na uiepuke iwapo una mzio wa soya.

Tunasisitiza jambo hili hasa kwa wazazi na walezi wa watoto wenye ualbino. Ngozi yao ina melanini kidogo mno au haina kabisa, nayo huanza kudhurika mapema utotoni. Losheni waliyopewa kliniki, kama ile inayotengenezwa mjini Moshi katika hospitali ya KCMC kwa ajili yao, isiachwe hata siku moja kwa sababu krimu ya soya imenunuliwa. Kidonda kisichopona, au doa linalobadilika rangi na ukubwa, lionyeshwe kwa daktari mapema, kwani saratani nyingi za ngozi hutibika zikigunduliwa zingali changa.