Una Linux, upo Arusha: usikimbilie modemu

Umenunua kompyuta ya mtumba, fundi amekuwekea Linux Mint au Ubuntu, na unataka intaneti kabla wiki haijaisha. Ukipita madukani mjini, kuanzia Mnara wa Saa hadi stendi, wauzaji wengi watakuonyesha modemu kwanza. Usitoe hela bado. Kama una simu ya Android, jaribu kwanza waya wake wa USB.

Chomeka simu kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya hotspoti kisha washa intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama waya wa kawaida wa mtandao: hakuna diski ya kuweka wala nywila ya kuandika. Ila kagua waya. Baadhi ya zile za bei ya chini kabisa hupitisha chaji tu, data hakuna, kwa hiyo ujaribu palepale dukani kabla hujalipa. Jua pia kwamba simu inanyonya betri ya kompyuta muda wote, na ukipigiwa, intaneti inaweza kusimama mpaka umalize kuongea.

Modemu ya USB ina maana kwa mwenye simu ya kitochi, au anayeiacha simu nyumbani na watoto. Nyingi kati ya hizi bado "hupiga simu" kama intaneti ya zamani ya laini ya mezani, kwa namba *99#. Zamani mtumiaji wa Linux alihariri mwenyewe faili la programu ya wvdial, na wengi walikata tamaa hapo. Siku hizi NetworkManager, programu ya mtandao ya Linux, hukuuliza nchi, kampuni ya simu na aina ya huduma. Chagua Tanzania, chagua kampuni yako, mengine hujazwa yenyewe. Ikigoma, waulize huduma kwa wateja APN yao, yaani jina la lango lao la intaneti. Mara nyingi kosa liko hapo.

Sasa mitego ya modemu. Nyingi za mtumba ni za 3G, na hiyo kasi hutaifurahia ukiwa na masomo ya video. Nyingine zimefungwa kwa mtandao mmoja, na kuzifungua ni malipo mengine kwa fundi. Halafu zipo zinazojitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows. Ubuntu huja na usb-modeswitch ya kuzigeuza, lakini kama kompyuta yako haina, utahitaji intaneti ya kuishusha. Nenda dukani na kompyuta yako na laini yako, fungua ukurasa mmoja, ndipo ulipe.

Modemu ina faida moja kubwa kwa wanaokaa kwenye mabonde ya Mlima Meru, ambako kilima kimoja tu kinaweza kukuzibia mnara wa simu. Ukiiunga kwa waya mrefu wa USB, unaitundika dirishani huku wewe umekaa mezani.

Njia ya tatu ni ruta ya mfukoni, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko hizo mbili. Inunue kama mko watu kadhaa, au kama umeme wa kwenu hukatika mara kwa mara, kwa sababu ina betri yake. Kwa Linux ni rahisi kama waifai yoyote. Ukiahidiwa ruta ya bei ya chini, uliza kama inakubali laini ya kampuni nyingine na kama kuna malipo ya lazima kila mwezi.

Lakini fedha yako nyingi itaishia kwenye bando. Shilingi 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi. Linganisha na bando la mwezi kwa kugawa bei kwa idadi ya GB. Yaruke mabando ya mitandao ya kijamii peke yake, maana kompyuta inataka intaneti kamili.

Kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Linux utie alama kwamba muunganisho wako una kikomo cha data, kisha zima masasisho ya kujiendesha. Masasisho yakijishusha yenyewe mchana, bando la wiki linaweza kuisha kabla ya chakula cha jioni. Yasubirishe hadi bando la usiku, kama kampuni yako inaliuza.