Jicho Lisifuate Sindano

Mwisho wa Desemba, barazani mwa maduka ya mji wa Same, Tanzania, vyerehani havilali. Shule zinafunguliwa Januari, na ingawa serikali ilianza kutoa elimu bila ada mwaka 2016, sare imebaki mzigo wa mzazi. Mteja wa sare hababaishwi na mtindo, maana shule nzima inavaa mmoja. Anageuza sketi ndani nje, anatazama mshono.

Ana haki. Sketi ya vipande 6 ina mishono 6, na kila mshono unameza kingo mbili, jumla kingo 12. Fundi akizidisha thumni ya inchi tu kila ukingo, kiuno kimeshapungua inchi moja na nusu. Mama aliyeteremka na mwanawe kutoka Mbaga au Mamba, amebakiwa na nauli ya kurudi mlimani, ataambiwaje arudi kesho?

Kosa la kwanza la mwanafunzi wa ushonaji ni kuikodolea macho sindano. Sindano haiendi popote. Inapanda na kushuka palepale. Kinachotembea ni kitambaa, kwa hiyo jicho likae kwenye ukingo wake. Vyerehani vingi vina mistari ya vipimo kwenye bamba la chini ya sindano. Kisipokuwa nayo, kipande cha plasta kilichobandikwa nusu inchi kutoka sindano kinatosha: ukingo wa kitambaa ukikigusa mwanzo hadi mwisho, mshono umenyooka.

Mikono nayo isijifanye injini. Meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani ndiyo yanayosogeza kitambaa. Mikono inaelekeza tu. Anayekivuta huipinda sindano, ikagonga bamba na kukatika.

Kwa cherehani cha kukanyaga kuna mtihani wa miguu pia. Gurudumu likirudi kinyume, uzi unakatika. Ndiyo maana mwanafunzi huanza bila uzi, akipitisha karatasi ya daftari chini ya sindano kwa kufuata mistari yake. Matundu hayamfichi mtu.

Unyoofu pekee hautoshi. Tangu mvumbuzi Elias Howe apate hataza ya cherehani chake Marekani mwaka 1846, mshono wa kawaida wa cherehani umekuwa ndoa ya nyuzi mbili: wa sindano, yenye tundu karibu na ncha, na wa chini, ambao leo hukaa kwenye bobini. Zinapaswa kukutana katikati ya kitambaa. Uzi wa juu ukikazwa mno, wa chini huchomoza juu na mshono hukunjamana, hata kama umepita kwenye mstari.

Kazi inayoonekana nyepesi kuliko zote ni kupinda kanga: doti moja, vipande viwili, bila chaki wala futi. Lakini kanga iliyochapwa upande kiwandani humpa fundi mawili, afuate uzi wa kitambaa au afuate pindo. Bora pindo. Hilo ndilo majirani watakaloliona.