Mbwa Mdogo Asiyefunzwa Ni Hasara Kubwa

Katika mashamba ya skimu ni vigumu kuona boma lisilokuwa na mbwa. Mbwa hulinda ng'ombe usiku, hufukuza nyani katika mahindi, na hutujulisha mgeni anapofika. Mbwa wa namna hiyo ni mfanyakazi wa shamba, na hatuna neno juu yake. Mwezi huu twataka kueleza habari za yule mbwa mdogo mwenye miguu mifupi na sauti kali, ambaye hubwekea kila apitaye, huuma watu visigino, hutawanya kuku, na hata akiitwa na mwenyewe hageuki.

Mara nyingi mwenye mbwa huyo hucheka tu. Husema, "Mwache, ni mdogo, hawezi kumdhuru mtu." Hapo ndipo taabu inapoanza. Mbwa mkubwa akimrukia mgeni mara moja, siku ile ile hufungwa na kuanza kufunzwa. Mbwa mdogo hufanya kosa lile lile kila siku kwa mwaka mzima, na watu wa nyumbani huona kuwa ni mchezo. Wahenga walisema, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mwenye kumwachia mbwa wake apendavyo asishangae siku atakapoaibishwa mbele za watu.

HASARA ANAYOLETA

Kwanza fikiri habari za maziwa. Ng'ombe anapoguswa kiwele vizuri huachilia maziwa kwa dakika chache tu. Mbwa akija kubweka chini ya miguu yake wakati huo, ng'ombe hushtuka na kuyafunga maziwa. Huenda akapiga teke na kumwaga ndoo. Ukikamua hivyo siku baada ya siku, maziwa hupungua, na yale yanayobaki katika kiwele huweza kusaidia ugonjwa wa kiwele kuanza.

Pili, fikiri habari za kupandisha ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa anapotaka dume husimama apandwe kwa muda wa saa 12 hadi 18 hivi. Akionekana asubuhi yafaa apandishwe jioni, na akionekana jioni apandishwe asubuhi ya pili. Sasa tuseme umempigia simu mtaalamu wa kupandisha kwa sindano, naye amefika langoni na pikipiki yake. Kijibwa chako kinamrukia miguuni, wewe uko mtoni, na watoto wanacheka. Mtaalamu ana mashamba mengine ya kwenda, basi anageuza pikipiki na kuondoka. Itakubidi ungoje siku 21 ndipo ng'ombe atake dume tena. Kama ni ng'ombe wa lita 8 kwa siku, kuchelewa huko kwa siku 21 ni lita 168 za maziwa. Mbwa wa kilo sita amekula lita 168 bila kulamba hata tone moja.

Tatu, kondoo mwenye mimba akikimbizwa sana aweza kuharibu mimba. Kuku wanaofukuzwa kila siku hupunguza kutaga, au huenda kutaga vichakani, na mayai yakaliwa na nguchiro. Tena kuna habari za jirani. Katika skimu tunatumia njia moja, josho moja na mahali pamoja pa kupelekea maziwa. Mtoto wa jirani asiyeweza kupita njiani kwenda shuleni kwa sababu ya mbwa wako ameleta ugomvi ambao hata baraza la chifu halitaumaliza upesi.

KWA NINI MBWA MDOGO HUKOSA ADABU

Watu wengi hudhani kuwa mbwa mdogo amezaliwa na moyo mbaya. Si kweli. Zipo sababu, na mwenye kuzijua ataweza kuziondoa.

Sababu ya kwanza ni kazi ya mababu zake. Mbwa wadogo wengi, kama wale wa jamii ya teria, walikuzwa ili waingie mashimoni kufuata wanyama. Katika karne ya 19 Mchungaji John Russell wa Devon, Uingereza, alikuza mbwa wadogo wa kumfuata mbweha mpaka shimoni mwake, na mbwa hao huitwa kwa jina lake hata leo. Mbwa wa kazi hiyo sharti awe na ushujaa, awe mwepesi wa kukimbiza, na abweke sana ili mwenyewe ajue alipo chini ya ardhi. Mbwa wa damu hiyo akikosa kazi, atajitafutia: leo kuku, kesho visigino vya wageni.

Sababu ya pili ni mwenyewe. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Udaktari wa Wanyama cha Vienna, katika Austria, walitangaza waliyoyaona baada ya kuwauliza watu zaidi ya 1,000 wenye mbwa. Waliona kuwa mbwa wadogo walikuwa wagumu wa kutii na wepesi wa hasira kuliko wakubwa. Lakini waliona pia kuwa wenye mbwa wadogo hawakushika neno moja: leo humkataza mbwa jambo, kesho humruhusu. Tena walikuwa wakicheza nao na kuwafunza kidogo kuliko wenye mbwa wakubwa. Waliona vilevile kuwa mbwa walioadhibiwa mara nyingi ndio waliokuwa wakali zaidi, na kwamba kwa mbwa wadogo adhabu ilifuatana na woga.

Sababu ya tatu ni kwamba kubweka kwake humlipa. Angalia vizuri jambo hili. Mtu anapita njiani, mbwa anabweka, na mtu anaendelea na safari yake. Sisi tunajua kuwa mtu huyo alikuwa akipita tu. Mbwa hajui hivyo. Yeye huona kuwa amebweka na adui amekimbia. Kesho atabweka kwa nguvu zaidi. Akipita watu ishirini kwa siku, basi amefunzwa kubweka mara ishirini, na mwalimu wake ni njia.

Sababu ya nne ni woga na maumivu. Kwa mbwa mdogo, miguu ya watu na kwato za ng'ombe ni kama magogo yanayoanguka. Watoto humvuta mkia, humbeba asipotaka, humsumbua anapokula. Akinguruma kwa kuonya, hupigwa. Basi hujifunza kutonguruma, na siku nyingine huuma bila kuonya. Mbwa mwenye kupe masikioni, viroboto au jino bovu naye huwa mwepesi wa kuuma, kama mtu mwenye jipu asivyotaka kuguswa.

NAMNA YA KUMFUNZA

Samaki mkunje angali mbichi. Usimwondoe mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla hajatimiza wiki 8. Wakati mzuri wa kumzoeza watu na wanyama ni tangu wiki ya 3 mpaka kama wiki ya 14. Katika siku hizo mwonyeshe wageni, watoto, ng'ombe, kuku na pikipiki, kwa upole, asitishwe. Lakini mbwa mkubwa pia hufunzika, ila atahitaji siku nyingi zaidi. Fuata mambo haya:

1. Watu wote wa nyumbani wakubaliane maneno. Maneno manne yatosha: "Njoo", "Kaa", "Acha" na "Mahali pako". Baba asiseme "Kaa" na mtoto aseme "Keti". Linalokatazwa na mmoja likatazwe na wote.

2. Mlipe kwa tendo jema. Shika kipande cha ugali juu kidogo ya pua yake, kisha kisogeze polepole kuelekea kisogoni. Akiinua kichwa kukifuata, makalio yatashuka chini. Hapo sema "Kaa" na umpe papo hapo. Ukichelewa hata kwa muda mfupi hatajua amelipwa kwa jambo gani. Mfunze dakika tano tu, mara mbili au tatu kwa siku.

3. Usimlipe kwa tendo baya. Akikurukia, geuka na usimtazame. Akibweka akitaka chakula, ngoja anyamaze kwanza. Usimbebe mikononi anapombwekea mgeni, kwani huko ni kumpa heshima kwa ukorofi wake, na akiogopa zaidi hana pa kukimbilia ila kuuma.

4. Mfunze habari za mgeni. Mwombe jirani asimame mbali langoni, nawe umshike mbwa kwa kamba. Jirani asiondoke mbwa anapobweka. Angoje. Mbwa akinyamaza, mpe ugali, na jirani asogee hatua chache. Akibweka tena, jirani asimame pale pale. Kama mbwa haachi kubweka kabisa, mmeanza karibu mno, basi siku ya pili anzeni mbali zaidi. Mkirudia kwa siku nyingi, mbwa atajua kuwa kubweka hakumfukuzi mtu, na kunyamaza kuna faida.

5. Mtenge na ng'ombe wakati wa kukamua. Mfunge au mfungie kibandani mwake kabla hujaleta ndoo, si baada ya maziwa kumwagika. Fanya hivyo hivyo siku unapomngoja mtaalamu wa kupandisha ng'ombe au daktari wa mifugo.

6. Usimfunge kutwa kwa mnyororo mfupi. Mbwa afungwaye hivyo huzidi ukali. Ni afadhali uzungushe ua mdogo. Kama huwezi, nyosha waya kati ya miti miwili, tia pete ya chuma, na ufunge mnyororo wake katika pete hiyo ili aweze kwenda na kurudi. Mwekee kivuli na maji.

7. Mpe kazi. Mbwa mdogo mwepesi huweza kuwa adui mkubwa wa panya katika ghala la mahindi. Mwachie kazi hiyo, ila hakikisha kwanza kuwa hakuna sumu ya panya iliyowekwa. Kila siku tembea naye kidogo shambani akiwa na kamba shingoni.

8. Usimpige. Kipigo hakimwonyeshi mbwa la kufanya. Humfundisha tu kuogopa mkono wako, na mbwa mwoga ndiye aumaye upesi. Waonye na watoto wasimsumbue anapokula, anapolala au anapolea.

Kwa mbwa aliyezaliwa siku hizi hapo kwako, utaona mabadiliko upesi. Kwa mzee mwenye mazoea, usihesabu siku, hesabu wiki. Usikate tamaa ukiona siku moja amerudia ya zamani.

MBWA AKIUMA

Tumeacha jambo hili mwisho kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote. Jeraha la jino dogo laweza kuingiza kichaa cha mbwa sawasawa na jeraha la jino kubwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi, na haujatuacha mpaka leo. Mwaka 2014 Serikali ilianzisha mpango wa kuondoa vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hauwezi kutimia kama wenye mbwa wadogo watasema, "Wangu hatoki bomani, hana haja ya sindano."

Mbwa achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka, na utunze cheti chake. Katika kila mbwa 100 wa mahali, yafaa wasiopungua 70 wawe wamechanjwa ndipo ugonjwa uzuiwe kuenea. Kwa hivyo chanjo ya mbwa wako ni kinga ya jirani, na chanjo ya mbwa wa jirani ni kinga ya mtoto wako.

Mtu akiumwa, hata kama ni mkwaruzo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu, mafuta wala kahawa. Mpeleke hospitali siku ile ile apate sindano, wala usingoje kuona dalili, kwani dalili zikianza karibu hakuna apataye kupona. Ikiwa mbwa aonekana mzima, mfunge mahali salama aangaliwe kwa siku 10, na umwarifu afisa wa mifugo. Usimwue kwa kumponda kichwa, maana ubongo ndio upimwao. Mbwa aliyekuwa mpole akabadilika ghafla, akatokwa na ute, au akauma ovyo hata mbao na mawe, usimsogelee. Waondoe watoto na mifugo, kisha upige simu kwa ofisi ya mifugo mara moja.

Basi, Ndugu Mkulima, jioni ya leo mtazame mbwa wako mdogo ukijiuliza swali moja: kama angekuwa na ukubwa wa ndama, ningemruhusu kufanya anayoyafanya? Kama jibu ni hapana, basi usimruhusu sasa. Waite watu wa nyumbani, chagueni maneno yenu manne, na kesho asubuhi anzeni na kipande cha ugali. Na kama hukumbuki ni lini alichanjwa mara ya mwisho, nenda ukaulize katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe siku ya chanjo katika eneo lenu. Mfunge kamba, uende naye.