MICHEZO YA BARIDI KALI KANDO YA ZIWA INARI

Barafu tunayoijua wengi wetu ni ile ya friji, au ule weupe uonekanao kwa mbali juu ya Kilimanjaro na Ruwenzori, nao unazidi kupungua mwaka hata mwaka. Kwa hiyo huenda msomaji asiamini kwamba wako watu wanaolipa fedha nyingi ili wapelekwe mahali ambapo ziwa zima hugeuka kama jiwe, jua halichomozi kwa majuma kadhaa, na kusahau glavu ni kosa linaloweza kumgharimu mtu vidole vyake. Mahali hapo ni wilaya ya Inari, katika jimbo la Lapland, kaskazini kabisa mwa nchi ya Ufini.

Inari ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 17,000, lakini wakazi wake ni 7,000 hivi tu. Wote wangeenea katika uwanja mmoja wa mpira na nafasi ikabaki. Miongoni mwao wamo Wasami, wenyeji wa asili wa nchi hizo, ambao tangu zamani huishi kwa uvuvi na kwa kufuga kulungu wa kaskazini. Kando ya ziwa na ndani ya misitu ya misonobari zimejengwa nyumba za wageni za magogo, nyingine zikiwa mbali na jirani yeyote. Tangu mwanzo wa Desemba hadi yapata tarehe 10 Januari jua halionekani kabisa. Wafini huuita msimu huo kaamos. Hata hivyo si giza tupu, kwani adhuhuri huja mwanga wa buluu kama wa alfajiri yetu, ukakaa saa chache, kisha ukaondoka.

Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida huko, na siku nyingine hupita 30. Tarehe 28 Januari 1999, katika kijiji cha Pokka, wilaya jirani ya Kittilä, kipimo kilishuka hadi nyuzi 51.5 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo baridi kali kuliko zote zilizopata kuandikwa nchini humo.

Basi kazi ya kwanza ya kiongozi wa safari ni kuwakagua wageni mavazi yao, kama sajenti akaguavyo gwaride. Nguo huvaliwa tabaka juu ya tabaka, mfano wa maganda ya kitunguu. Ya ndani ni nyembamba ya sufu, ya kati ni nzito ya kutunza joto, na ya nje ni ya kuzuia upepo. Pamba, tuipendayo sana katika nchi zetu za joto, hukatazwa, kwa sababu hunyonya jasho na kulishika. Na nguo yenye unyevu katika baridi hiyo humnyang'anya mtu joto upesi. Akina mama wanaofuma fulana za sufu watalielewa jambo hili kuliko wengi wetu. Buti nazo huwa kubwa kidogo kuliko mguu, ili hewa yenye joto ipate nafasi. Kisha kila mgeni hupewa mwenzake wa kumtazama uso, kwa kuwa pua au shavu likianza kuganda hufanya doa jeupe ambalo mwenyewe halioni wala halisikii. Doa hilo hufunikwa kwa kiganja chenye joto, wala halisuguliwi.

Ndipo michezo ianze. Unaopendwa zaidi ni wa kukokotwa na mbwa wanne hadi sita waliofungwa kwenye sleji, yaani gari la mbao lisilo na magurudumu. Kabla ya kuondoka mbwa hubweka na kuruka kama wenye wazimu. Kamba ikifunguliwa tu, hunyamaza kimya, na kinachosikika ni mlio wa theluji chini ya sleji. Amri kuu ni moja: usiachie mikono. Ukianguka, mbwa hawakungoji, nao watakwenda na sleji, blanketi na chai yako.

Hatari kubwa zaidi imo chini ya miguu. Ziwa Inari, lenye kilomita za mraba zaidi ya 1,000 na visiwa zaidi ya 3,000, kwa kawaida huganda mwezi wa Novemba. Wageni hutoboa barafu kwa keke ndefu na kuvua samaki kupitia tundu hilo. Lakini haifai kukanyaga barafu ambayo haijapimwa. Ya sentimita 10 hutosha mtu wa miguu. Pikipiki ya theluji hutaka 15 au zaidi, tena barafu iliyo ngumu na safi. Penye mdomo wa mto au mkondo kati ya visiwa barafu huwa nyembamba, na theluji huuficha udhaifu wake. Ndiyo maana mwenyeji hujivika shingoni misumari miwili yenye vishikio. Akitumbukia, kwanza hutuliza pumzi, kwa kuwa baridi humfanya mtu ahemeke na kumeza maji. Halafu hugeukia upande alikotoka, akachoma misumari barafuni, akapiga mateke na kujivuta, kisha akabiringika bila kusimama. Ana dakika 10 hivi kabla mikono haijaacha kumtii.

Askari watakumbuka kwamba ni katika nchi hii hii, katika vita vya tangu Novemba 1939 hadi Machi 1940, wanajeshi wa Ufini waliovaa mavazi meupe na kupita msituni kwa skii walivishinda vikosi vikubwa vya Kisovieti huko Suomussalmi. Kuijua baridi kulikuwa nusu ya silaha zao.

Jioni wageni huingia sauna, chumba cha mvuke chenye joto la nyuzi 80 hivi, na wenye moyo wenye afya hutoka wakajitosa katika tundu la ziwa. Mbingu zikiwa safi, huenda wakaona mapazia ya nuru ya kijani yakicheza angani, yatokanayo na chembe za jua zinazogonga hewa ya juu sana. Nuru hiyo haina ahadi. Wapo wanaokaa juma zima wasiione. Mbwa nao, wakiisha kula, hujikunja juu ya theluji, mkia juu ya pua, wakalala.