Kitumbua Kimefungua Macho Lodwar

Wazee wetu wa pwani waliposema watu wasitiliane mchanga katika vitumbua vyao, hawakuwa wameuona upepo wa Lodwar. Huku mchanga hauhitaji mtu wa kuutia. Huingia wenyewe katika sufuria, katika nguo zilizoanikwa na hata juu ya mkeka wa kuswalia. Sisi, watoto wa nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, tuliohamia Lodwar kumfuata baba katika biashara ya duka, tumekijua kitumbua kilichoingia mchanga kwa maana zote mbili.

Chuma cha vitumbua tulichokuja nacho kina mashimo saba. Kilikuwa cha bibi yetu mzaa mama, naye alikipokea kwa mama yake. Pamoja na chuma hicho alimwachia mama maneno machache: mchele uroweke, usage na tui, utie hamira baada ya swala ya adhuhuri, na ukisikia adhana ya alasiri uanze kuchoma. Hakuandika lolote. Kikombe chake kilikuwa kiganja chake, na saa yake ilikuwa adhana.

Ramadhani ya kwanza Lodwar mama alifuata maneno hayo bila kuacha hata moja. Jiko letu lilikuwa la mabati, na jua la mchana la huku si jua la kuzoeleka. Ilipofika alasiri unga ulikuwa umekwisha kuumuka, ukaanguka na kuingia ukali. Vitumbua vilitoka bapa, vigumu, vyenye harufu ya siki. Siku ya pili mambo yakawa yale yale, na ya tatu vilevile. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hakuwepo wa kuulizwa. Mama alikiosha kile chuma, akakipaka mafuta kisishike kutu, akakifunga katika kanga. Miaka miwili hatukukiona. Tulifuturu kwa tende na mkate wa dukani, na mdogo wetu wa mwisho akafikia umri wa kufunga bila kujua kitumbua cha nyumbani kwao kina ladha gani.

Dawa ilitoka Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, kisha ikapokea watu wa mataifa mengi. Miongoni mwao wamo watu wa Barawa, mji wa kale wa pwani ya Somalia, ambao lugha yao, Chimiini, ni ndugu wa Kiswahili chetu. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wengi wao walikuja kwa majahazi hadi Mombasa. Kambi za Mombasa zilipofungwa katika miaka ya 1990, baadhi yao walipelekwa Kakuma, mbali kabisa na bahari.

Mama alikwenda huko kumtazama mgonjwa, akakaribishwa katika nyumba ya bibi mmoja wa Barawa. Alipewa chai na kitumbua. Alipokiuma, alitueleza baadaye, alinyamaza kwanza, kisha machozi yakamtoka. Bibi yule alipoisikia habari ya unga uliochacha, alicheka kwa upole akasema, "Mwanangu, mama yako hakukuachia saa. Alikuachia macho. Tazama unga, usitazame jua."

Macho aliyoyataja ni vile vitundu vidogo vinavyofunguka juu ya unga hamira inapofanya kazi. Hamira ni kitu chenye uhai. Joto likizidi hufanya haraka, na baridi ikizidi hulala. Bibi yule ana mabinti waliohamishiwa Marekani, nao humpigia simu wakati wa baridi kulalamika kuwa unga wao hauumuki. Wao huwaambia wauweke karibu na jiko na wasubiri. Mama alimwambia afanye haraka. Lakini wote aliwapa alama ile ile: macho.

Basi hivi ndivyo tufanyavyo sasa. Vikombe viwili vya mchele huoshwa na kurowekwa asubuhi, na maji hubadilishwa mara mbili yasichache. Baada ya swala ya alasiri, na si kabla yake, mchele huchujwa na kusagwa laini pamoja na kikombe kimoja cha tui zito. Nazi hutufikia kwa malori kwa taabu, basi mara nyingi tui letu ni la unga. Tunatia nusu kikombe cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira na iliki iliyotwangwa, kisha tunafunika kwa kitambaa kilicholowa, kinachozuia joto na mchanga pia. Macho yakifunguka tunachoma papo hapo, kwa moto mdogo na mafuta kidogo katika kila shimo. Magharibi inatukuta tayari.

Tusidhani kuwa kitumbua cha Kakuma ni chepesi kupatikana. Mwaka 2015 wakimbizi walianza kupokea sehemu ya mgao wao kupitia simu, katika mpango wa Bamba Chakula, ili wanunue wenyewe madukani. Kuni na makaa huletwa na kina mama wa Kiturkana, ambao nao hali zao ni ngumu, na mara nyingine hubadilishana navyo kwa chakula. Mgao umepunguzwa mara kadhaa, na kila unapopungua, huathirika aliye kambini na jirani yake aliye nje. Kikombe cha mchele kilichorowekwa kwa ajili ya mgeni ni kikombe kilichotolewa katika chakula cha nyumba. Mama alikijua kipimo hicho alipokuwa akila, na ndiyo maana kila Ramadhani mfuko wa mchele na paketi ya tui hutangulia kwenda Kakuma kabla chuma chetu hakijapanda jikoni.

Mdogo wetu sasa ndiye anayechoma. Yeye hatumwambii saa. Tunamwita, tunafunua kitambaa, naye anainama kutazama.

Enyi kina mama na kina bibi mnaotusoma, waiteni mabinti na wajukuu zenu jikoni mkiwa hai, muwaonyeshe macho. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awape wageni wa Kakuma riziki pana na makazi ya amani. Amin.